Konokono Kumi na Mmoja na Mkebe wa Magadi

Nilimfukuza mama mkwe wangu kwa sababu ya konokono.

Soma tena ukitaka. Konokono. Wale wadogo, wa kutoshea kwenye kizibo cha soda.

Na usiseme bado mimi ni mtu wa aina gani. Ngoja nimalize, halafu unitukane ukiwa na sababu zote mkononi.

Naitwa Mongina. Mimi ni Mkisii, niliolewa kwa Wakipsigis, hapa Silibwet karibu na Bomet. Nafundisha kemia sekondari. Bwanangu Kipkurui anaendesha lori ya kubeba majani chai mabichi kupeleka kiwandani. Tuko na msichana mmoja, Fancy, yuko shule ya bweni.

Na tuko na bahari kwa sitting room.

Sitanii. Tangi la glasi, lita mia tatu, maji ya chumvi, matumbawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Kabla niolewe nilifanya kazi hoteli moja Mombasa, kazi yangu ilikuwa kutunza tangi kubwa la pale mapokezi. Nilipokuja huku kwa baridi na chai, nilikuja na huo ugonjwa.

Wageni wakiingia huniuliza hayo mawe ya rangi nilipaka na nini. Nawaambia si mawe, ni wanyama. Wanacheka. Siku hizi sibishani.

Sasa elewa kitu kimoja. Samaki si kazi. Kazi ni maji.

Kuna chumvi, lazima ikae thelathini na tano. Kuna kalsiamu, mia nne na ishirini. Kuna alkali, nane. Hiyo alkali ndiyo matumbawe hutumia kujengea mifupa, na wanaila kila siku kama watoto wa boarding. Usipoongeza inashuka, ikishuka sana wanaanza kuoza wakiwa hai.

Kwa hivyo kila jioni nilikuwa nachukua kijiko cha soda ya kuoka mandazi, nayeyusha kwa kikombe, namwaga polepole. Kila Jumapili napima kwa matone, naandika kwa daftari.

Maji yenyewe natoa kwa mvua. Hapa mvua haikosi. Inatoka kwa mabati, inapita kwa mashine ya kuchuja inayotoa kila kitu, inaingia kwa drum ya bluu nyuma ya jikoni. Nilikuwa najivunia hiyo drum kuliko cheti changu. Hata mfereji wake wa plastiki, ule wa kufungulia maji, ulipoanza kuvuja mwezi wa tisa, sikuita fundi. Nilienda hardware mwenyewe, nikachagua mwingine mzito wa kudumu, nikaukaza kwa mikono yangu. Kipkurui aliniita injinia wiki nzima.

Basi. Tuje kwa Kogo.

Kogo maana yake ni nyanya wa watoto kwa Kikipsigis, na kwetu ndivyo kila mtu anamwita mama yake Kipkurui. Mimi namwita Mama. Nyumbani kwake ni Chebunyo, kule chini, anakaa na shemeji yangu Kipruto na ng'ombe zake.

Siku ya mahari, miaka kumi imepita, aliuliza mbele ya wajomba zangu wote, "Kwani wasichana wa kwetu wameisha?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliweka hiyo sentensi mahali salama, na nilikuwa naitoa mara kwa mara naiangalia.

Mwezi wa saba akaja kukaa kwetu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, alikuwa anajigonga kwa milango. Hospitali wakasema watafanya moja kwanza, la pili watafanya Alhamisi ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Walisisitiza asikose hiyo siku, kwa sababu hilo la pili lilikuwa limekomaa vibaya, na foleni ya kupata siku nyingine ni ya miezi.

Siku bandeji ilitolewa tulimleta nyumbani, tukamkalisha sitting room. Taa za tangi zilikuwa zinawaka.

Alisogeza uso mbele, akaushika na mikono miwili. Nikafikiri anaumwa.

"Mama Fancy," akasema. "Hizi rangi zilikuwa hapa siku zote?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa nasikia tu maji."

Akaanza kulia. Nikamwambia asilie, daktari amekataa. Akalia na jicho moja tu, lile ambalo halijatibiwa, na sisi wawili tukaanza kucheka kama wajinga.

Kutoka hiyo siku kiti chake kilikuwa hapo mbele ya tangi. Lakini mdomo wake pia ulipona na jicho.

"Hawa wanalishwa, wanawashiwa taa, wanapashiwa maji moto," aliniambia siku moja. "Wanatoa lita ngapi za maziwa?"

"Hawatoi maziwa, Mama."

"Aaah."

Hiyo "aaah" ilikuwa ndefu.

Jioni nyingine akanikuta nakoroga soda yangu kwa kikombe.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya mifupa, Mama. Wasipopata hii mifupa inalegea."

"Kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe tu."

Akatikisa kichwa kama mtu ambaye hatimaye ameambiwa kitu cha maana. Mimi nikasahau hayo mazungumzo hapo hapo.

Halafu mwezi wa kumi ukafika.

Jumatatu asubuhi nikapata konokono wawili wamelala chali chini ya tangi. Konokono wangu kazi yao ni kula ukungu kwa glasi, hawalali chali. Nikawageuza. Wakaanguka tena. Nikanusa mmoja, wueh, nikafungua madirisha yote.

Nikapima maji kabla ya kwenda shule. Chumvi sawa. Kalsiamu sawa. Alkali nane kamili. Maji mazuri ya kupigiwa mfano.

Jumatano wengine watatu.

Ijumaa akafa Deputy. Deputy alikuwa kamba mdogo wa baharini mwenye mistari myekundu, nilimpa hilo jina kwa sababu alikuwa anapita kila kona akikagua kama naibu wa mwalimu mkuu. Nilimpata ameegemea jiwe, miguu imekunjwa. Nilisimama hapo na chai yangu ikapoa kabisa.

Matumbawe nayo yakaanza kujifunga. Yale ya zambarau, ambayo hufunguka kama mkono wa mtoto, yakawa ngumi. Lakini samaki wawili walikuwa wazima kabisa. Wanaogelea. Wananiangalia.

Nikafanya kile tunachofanya sote. Nikabadilisha maji. Nikatoa ndoo nne za zamani, nikaweka ndoo nne mpya kutoka kwa drum yangu safi, na chumvi yake nimepima.

Kesho yake wakafa wengine wawili.

Nikabadilisha tena. Wakafa tena.

Hapo ndipo akili yangu ilianza kwenda mahali pabaya. Kila nikisafisha, wanakufa. Ni kama kuna mtu anangoja nimalize kusafisha ndiyo aharibu.

Na nani yuko nyumbani siku nzima?

Nilimweleza Janeffer, mwalimu mwenzangu, tunakaa naye meza moja staffroom. Ilikuwa wakati wa mitihani, sisi sote tulikuwa tumechoka, tunaongea tukisahihisha.

"Aki Mongina, wewe ni mjinga au unajifanya?" akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Yule mama hajawahi kukutaka."

"Ni mgonjwa wa macho, Janeffer."

"Jicho moja linaona vizuri, si ulisema? Weka simu irekodi."

Ningeweza kukataa. Nataka mjue hiyo. Hakuna mtu alinishika mkono.

Jumanne nikachukua simu yangu ya zamani, nikaisimamisha nyuma ya vikombe kwa kabati, kamera ikiangalia tangi. Nikaenda shule. Sikufundisha kitu cha maana siku hiyo.

Nikarudi saa kumi. Mvua ilikuwa inamwagika. Kogo alikuwa jikoni anachambua mboga ya managu. Nikachukua simu, nikajifungia chumbani.

Dakika arobaini za kiti kitupu. Halafu Kogo akaingia.

Ameshika mkebe mdogo wa majani chai, ule wa zamani. Akaangalia mlango. Akafungua mkebe, akachota kitu cheupe kwa vidole, akatia kwa kikombe cha maji, akakoroga na kidole. Akaangalia mlango tena. Halafu akamwaga ndani ya tangi langu, polepole, akizunguka na mkono. Na alikuwa anaongea. Sauti ya chini, kwa Kikipsigis, midomo karibu iguse glasi. Pampu ilikuwa inanguruma, na Kikipsigis changu ni cha sokoni, sikushika hata neno moja.

Nikamfikiria Deputy. Nikafikiria siku ya mahari. Nikatoka na ile simu mkononi.

"Mama, hii ni nini?"

Akasogeza jicho lake zuri karibu na simu. Akajiona. Akaweka managu chini.

"Mama Fancy, hiyo ni magadi. Ile ya mboga tu, ile ng'ombe wanaramba. Nilikuwa—"

"Magadi! Magadi kwa tangi langu!"

"Nilikuwa naona wewe—"

"Wewe unaona nini? Umeniulia wanyama wangu wote! Konokono kumi na mmoja! Wiki tatu silali, nabeba ndoo kama punda, kumbe ni wewe!"

"Mimi niue?" Akauliza kama mtu ambaye hajui lugha. "Mongina. Mimi niue?"

Alikuwa hajawahi kuniita jina langu. Ningesimama hapo. Mtu mwenye akili angesimama hapo.

Mimi nikaendelea.

"Kama hunitaki kwa hii nyumba, ungesema tu. Hukunitaka tangu mwanzo. Sasa jicho si limepona? Rudi Chebunyo kwa ng'ombe zako."

Alinawa mikono, akaipangusa moja moja. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wake, na lile koti la marehemu mume wake. Nilisikia pikipiki ikiitwa pale barabarani. Nilikuwa nimesimama mbele ya tangi na sikugeuka.

Mkebe aliuacha juu ya meza.

Kipkurui alirudi jioni, ananuka majani chai, akauliza mama yake yuko wapi. Nikamweleza. Nikamnyoshea simu aone.

Akasukuma mkono wangu.

"Sitaki kumwona mama yangu kwa simu kama mwizi wa supermarket," akasema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alikula, akalala upande wake, akaamka saa kumi na moja akaenda kazini.

Siku ya tatu Kipruto akapiga simu, na Kipkurui akaweka kwa spika ili nisikie.

"Mama amesema hataenda hospitali hiyo Alhamisi," Kipruto akasema.

"Kwa nini?"

"Anasema jicho moja limetosha kuona yale aliyoonyeshwa."

Kulikuwa na siku kumi na nne mpaka hiyo Alhamisi.

Kipkurui alienda Chebunyo Ijumaa, akarudi peke yake. Akaenda tena Jumapili, akarudi peke yake. Daktari alikuwa ametuambia wazi, hilo jicho likikaa hivyo linaweza kuzima kabisa. Mimi nilikuwa nahesabu siku kichwani, lakini bado nilikuwa na kiburi changu. Nilikuwa najiambia, yeye ndiye alikosa, kwa nini niende mimi?

Halafu tangi likanijibu.

Kogo alikuwa ameenda karibu wiki nzima. Hakuna mtu wa kugusa maji. Nilikuwa nimebadilisha ndoo sita kwa mpigo, nimesafisha kila kitu, nikasema sasa watapona.

Jumatatu asubuhi yale matumbawe ya zambarau yakaanza kutoka nyama. Inaning'inia kama uzi. Ndani unaona mfupa mweupe.

Nikapima. Chumvi sawa. Kalsiamu sawa. Alkali, sita.

Sita?

Nikapima mara ya pili. Sita.

Nikachukua daftari. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilianza kuogopa. Tangu mitihani ianze mimi nilikuwa narudi nimekufa nusu. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilikoroga soda yangu. Nikakosa. Wiki tatu nzima, labda nimeweka mara mbili. Na wiki hizo zote daftari linasema nane, nane, nane.

Alkali haikai nane yenyewe. Kuna mtu alikuwa anaiweka nane.

Na magadi ni nini, mwalimu wa kemia? Swali la kidato cha pili. Magadi ni kabonati ya sodiamu na ndugu yake. Ni binamu wa ile soda yangu ya mandazi. Ndiyo hiyo hiyo alkali.

Nikakaa kwa kile kiti chake.

Basi kama si magadi, ni nini kiliua?

Kuna grupu ya WhatsApp ya watu wa matangi ya chumvi, wengi ni wa Nairobi na Mombasa. Nikaandika kila kitu. Konokono wamekufa, kamba amekufa, matumbawe yanakufa, samaki wazima, vipimo vyote sawa.

Jamaa mmoja akajibu kwa maneno mawili. "Umepima shaba?"

Sikuwa nimepima. Sikuwa hata na kipimo chake, kwa sababu shaba itoke wapi? Lakini nilijua alichomaanisha. Shaba kidogo tu, hata huioni, haimsumbui samaki haraka. Konokono na kamba na matumbawe inawamaliza.

Nikaagiza kipimo Nairobi kwa basi. Kikafika Bomet Jumatatu iliyofuata, jioni. Alhamisi ilikuwa imebakisha siku tatu.

Nilipanga glasi tatu kwa meza ya jikoni. Kipkurui alikuwa amesimama mlangoni, hajavua buti.

Glasi ya kwanza, magadi ya Kogo kutoka kwa mkebe, nimeyeyusha. Matone. Nikangoja. Hakuna rangi.

"Hiyo inamaanisha nini?" Kipkurui akauliza.

"Hakuna shaba."

"Mama hakuua."

"Ngoja."

Glasi ya pili, maji ya tangi. Matone. Ikageuka bluu hafifu, lakini bluu.

Glasi ya tatu, maji ya drum. Maji yangu safi. Nilienda nyuma ya jikoni, nikafungua mfereji, nikarudi. Kabla hata sijatia tone nilishajua, kwa sababu nilikuwa nimeushika ule mfereji na nikaona rangi yake.

Njano. Mzito. Wa kudumu.

Glasi ilikuwa bluu kuliko ya tangi.

Nafundisha hii kitu kila mwaka. Maji yaliyochujwa mpaka hayana chochote ndani yana njaa. Yanakula chuma yanachokaa nacho. Na ule mfereji wa njano ni shaba imechanganywa na zinki. Nilikuwa nimefunga sumu kwa drum yangu mwenyewe, halafu kila nikiona mnyama amekufa nambebea ndoo zingine za ile sumu. Nikimwaga kwa upendo kabisa.

Nikaufungua kwa spana. Ndani ulikuwa umeota kutu ya kijani.

"Injinia," Kipkurui akasema, na hakuwa anatania.

Nikalia. Sitaficha. Nililia kamasi ikatoka. Na nikiwa nalia nikakumbuka ile video.

"Nisikilizie," nikamwambia. "Nakuomba. Nataka kujua alikuwa anawaambia nini."

Alikataa kwanza. Halafu akachukua earphone, akafunga macho, akaweka sauti mpaka mwisho. Alisikiliza mara moja. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akatoa earphone, akaangalia buti zake.

"Anasema nini?"

"Anaongea nao vile huongea na ndama." "Anasema, kunyweni, watoto wa Mongina. Mama yenu amechoka. Anarudi jioni analala na viatu. Kunyweni mnyamaze, msimsumbue, mimi niko."

Nikaokota ule mfereji, nikaufunga kwa gazeti.

"Kesho naenda Chebunyo," nikasema.

"Mimi nimeenda mara mbili."

"Si wewe ulimfukuza."

Akafikiria. Halafu akaniambia kitu ambacho kwa miaka kumi hakuwahi kuniambia.

"Kwetu mtu akikosa sana haji na maneno mengi. Anang'oa nyasi, anashika mkononi, anasimama mahali anaweza kuonekana. Lakini usifanye kama mchezo. Wazee wakiona hiyo, wanajua umejishusha."

Nilifika saa nne asubuhi. Kogo alikuwa zizini, mgongo kwangu, anafunga ndama. Kipruto aliniona akaingia ndani bila kunisalimia.

Nikang'oa nyasi hapo kando ya njia, nikasimama langoni. Mkono mmoja nyasi, mkono mwingine ule mfereji wa njano. Nilisimama kama mtoto ameitwa ofisini.

Akageuka. Jicho lake zuri likaanza kwa uso wangu, likashuka mpaka kwa mkono. Likakaa hapo.

"Nani alikwambia hiyo?"

"Mwanao, Mama."

Hakusema ingia. Nikabaki langoni. Nikanyosha ule mfereji juu ya mbao za lango.

"Hii ndiyo iliua, Mama. Si magadi yako. Magadi yako ndiyo ilikuwa inawashikilia. Hii niliifunga mimi, kwa mikono yangu."

Akasogea, akaupokea. Akaupima kwa kiganja.

"Nzito."

"Ndiyo maana niliinunua."

"Hmm." Akaugeuza, akaona ile kijani ndani. "Na wale wa machungwa?"

"Wako hai."

"Na yule wa zambarau?"

Nikatikisa kichwa. Akaelewa.

"Yule nilikuwa nampenda," akasema.

Ndama alikuwa anavuta kamba.

"Mongina, mimi sikukasirika juu ya mawe yako," akasema. "Hata kuniita muuaji, watu hukasirika. Lakini ulisema jicho limepona, niende. Kama kwamba nilikuja kwako kutafuta jicho tu. Hiyo ndiyo nimelala nayo."

"Nilikosa, Mama. Nilikosa vibaya. Hukuwa unastahili hata neno moja kati ya yale."

"Na hukuniacha nimalize kuongea."

"Sikukuacha."

"Hata ng'ombe hulia mpaka amalize."

Machozi yalikuwa yananidondoka na mikono yote miwili ilikuwa juu ya lango, sikuweza kujipangusa.

Akanyosha mkono. Nikafikiri anataka kunishika. Akachukua zile nyasi kutoka kwa vidole vyangu, akageuka, akampa ndama. Ndama akazitafuna zote.

Mimi sikujua hiyo ni ndiyo ama ni hapana.

Akavua gumboots akiwa amenipa mgongo.

"Hiyo Alhamisi," akasema, "wanataka tufike saa ngapi?"

Jicho la pili lilifanywa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angetuambia mambo mengine.

Drum sasa ina mfereji wa plastiki. Ukivuja, uvuje. Niliweka kaboni na dawa ya kuvuta shaba kwa tangi, nikabadilisha maji wiki sita. Konokono ni wapya. Yule wa zambarau alibaki kipande kama ukucha, kimeanza kufunguka.

Lakini Kogo alirudi kwetu kama mgeni. Kiti chake alikisogeza mpaka kwa dirisha. Jioni nilikuwa namletea kijiko, namwambia Mama, wawekee wewe leo. Anajibu, "Weka wewe. Mimi mikono yangu haijui." Anajibu kwa upole, na hiyo ndiyo ilikuwa inauma.

Nilikuwa na haki gani ya kulalamika? Nikachukua ule mkebe wake wa zamani, nikaosha, nikajaza ile soda ya mandazi, nikaweka kijiko kidogo ndani. Nikauacha kando ya tangi. Ulikaa hapo miezi miwili bila kuguswa.

Wiki iliyopita tulikuwa tunafunga shule. Siku nne mfululizo nimerudi usiku, nimelala bila hata kuangalia tangi. Jumapili nikakumbuka, nikaruka kitandani, nikapima nikijua nitapata sita.

Nikapata nane.

Nikaangalia kiti. Kilikuwa kimerudi mahali pake, mbele ya glasi.

Kogo alikuwa jikoni anapika managu, anaimba wimbo wa kanisa. Sikumuuliza kitu. Nilienda nikamsaidia kuchambua.

Ndugu zangu, Janeffer hakukosea methali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye nilikosea nguo, nikaenda kupekua ya mama mkwe kabla ya kuvua yangu. Kama kuna kitu kinakufa kwako na unatafuta wa kulaumiwa, anza na ule mfereji uliofunga mwenyewe siku ile unajivunia. Na mtu akianza kujieleza, hata kama umemwona na macho yako, mwache amalize.

Ile simu ya zamani nilimpa Kogo. Anaitumia kuongea na Kipruto kuhusu ng'ombe.